Mstari wa taa juu ya Ziwa Albert unaelezeka
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai ule mstari wa taa ulioonekana usiku juu ya Ziwa Albert hauwezi kuwa kitu kingine isipokuwa vyombo vya viumbe wa sayari nyingine. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Sisi wa Butiaba, kando ya ziwa hilo upande wa Uganda, tumeshauona, na wavuvi wa dagaa waliokuwa majini na taa zao waliuona vizuri kuliko mtu yeyote: vinukta vyeupe vimefuatana kama shanga, havina mlio, halafu kimoja kimoja vinazimika katikati ya anga. Hizo ni setilaiti za intaneti za Starlink, siku chache baada ya kurushwa. Huku chini jua limeshatuchwea, ila kule juu bado linazimulika; zikiingia kwenye kivuli cha dunia, zinapotea. Wanaotafuta viumbe wenye akili kwa dhati husikiliza mawimbi ya redio kutoka angani, tangu mwanaastronomia Mmarekani Frank Drake alipoanza mwaka 1960, na siku hizi hata darubini ya redio MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye madishi 64, imeingia kazini. Hiyo ndiyo habari ya kuandikiwa makala! Mliouona mkiwa Hoima au Nebbi, ilikuwa saa ngapi, na ulielekea upande gani?