Wanafunzi wa vyuo tumewasahau kwenye chanjo

Mwezi Julai, wiki mbili kabla ya mitihani ya kumaliza mwaka, kikohozi huanza kusikika katika kumbi zetu za mihadhara. Huanza na mtu mmoja aliyeketi nyuma, na inapofika Ijumaa nalazimika kunyamaza kila mara nikisubiri wakohoe wamalize ndipo niendelee. Miaka mitatu iliyopita mmoja wa wanafunzi wangu, binti mwenye pumu ambaye hakuwahi kukosa kipindi, alilazwa siku sita kwa homa ya mafua iliyoshuka hadi mapafuni. Alikosa mitihani miwili na ikambidi aifanye mwaka uliofuata. Alipona, namshukuru Mungu. Nilipokwenda kumjulia hali aliniuliza, "Mwalimu, kumbe mafua yana chanjo?" Daktari ndiye aliyemwambia, pale pale wodini, akiwa na umri wa miaka 22. Mimi nilikuwa nalijua jambo hilo kwa miaka mingi, na sikuwahi kumtajia mwanafunzi hata mmoja. Swali lile halijanitoka moyoni, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kwanza tusichanganye mambo mawili. Mafua ya kawaida, yale ya pua kutiririka na kupiga chafya siku tatu, hayana chanjo na kwa kawaida hayamlazi mtu hospitalini. Homa ya mafua ni ugonjwa mwingine: humwangusha mtu ghafla kwa homa kali, maumivu ya viungo na uchovu unaoweza kuendelea wiki nzima au zaidi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka ugonjwa huu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kwa matatizo ya upumuaji. Ni kweli kwamba vijana wengi wenye afya njema hupona bila kulazwa. Lakini darasani mwangu wamo wenye pumu, wamo wenye selimundu, wamo wenye kisukari, wamo wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na kila mwaka wamo mabinti wajawazito. Kwa hao wote homa ya mafua ni hatari ya kweli, na sura zao hazitofautiani na za wenzao.

Tena mazingira wanamoishi yanausaidia ugonjwa. Mtu yeyote aliyepita katika hosteli za vyuo vyetu vya Dar es Salaam anajua maana ya kubebana: mwenye kitanda humkaribisha rafiki aliyekosa chumba, wakalala wawili kwenye godoro la mtu mmoja, na chumba kilichojengewa wanne kikawa na watu saba au wanane. Asubuhi hubanana kwenye daladala, mchana huketi mia tatu katika ukumbi wenye viti mia mbili, na usiku wakati wa kupiga msuli, yaani kujisomea kwa bidii, hujifungia madarasani hadi alfajiri. Virusi vinavyosambaa kwa hewa na matone ya mate haviwezi kupata mahali pazuri zaidi. Siwalaumu wanafunzi kwa hili hata kidogo, kwa kuwa wengi hawana uwezo wa kupanga nje, na anayembeba mwenzake anatenda wema. Ninachosema ni kwamba mtu anayeishi hivyo anahitaji kinga kuliko mimi ninayelala chumbani kwangu peke yangu.

Nikiwauliza kuhusu chanjo, jibu ninalolipata mara nyingi ni kwamba walichanjwa utotoni. Wengine huvuta mkono wa shati na kunionyesha kovu lililo begani. Kovu lile ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto mchanga, ambayo kazi yake kubwa ni kumkinga mtoto dhidi ya kifua kikuu cha aina kali kama kile kinachoshambulia utando wa ubongo. Haizuii homa ya mafua, haizuii nimonia ya kawaida, na hata dhidi ya kifua kikuu cha mapafu cha watu wazima kinga yake ni dhaifu. Kovu si cheti cha kumaliza chanjo zote.

Hebu tuhesabu pamoja. Mwanafunzi aliyezaliwa Tanzania mwaka 2005 alipata dozi tatu za chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro akiwa na wiki chache tu, na kinga hizo hupungua kadiri miaka inavyopita. Chanjo ya nimonia inayosababishwa na bakteria wa pneumokoka iliingizwa katika ratiba ya taifa mwanzoni mwa mwaka 2013, wakati yeye alikuwa na miaka saba au minane na alishavuka umri wa kuipata. Dozi ya pili ya surua ilianza kutolewa kwa ratiba mwaka 2014. Ikiwa anakumbuka kuchomwa sindano katika kampeni ya Oktoba mwaka huo, iliyowalenga watoto wa chini ya miaka 15, basi hiyo ilikuwa ya surua na rubella. Na kama siku hiyo hakufikiwa, huenda ana dozi moja tu ya kinga dhidi ya ugonjwa unaoambukiza kwa hewa kuliko karibu magonjwa yote tunayoyajua. Tangu hapo, kwa wavulana hasa, hakuna aliyewaita tena. Kadi ya kliniki ilifungiwa sandukuni, na mfumo utawakumbuka wasichana watakapopata mimba, na wavulana watakapokuwa wazee.

Kwa hiyo ningependa kila mwanafunzi amwendee daktari au muuguzi akiwa na maswali mahususi, si swali la jumla la "nichanjwe nini". Aulize kuhusu homa ya mafua, ambayo huhitaji sindano moja kila mwaka kwa sababu virusi vyake hubadilika, na ndiyo maana wataalamu hukutana mara mbili kwa mwaka kuchagua aina zitakazowekwa kwenye chanjo. Aulize kama anahitaji dozi ya nyongeza ya dondakoo na kifaduro, na kama dozi zake za surua zimetimia. Mwenye selimundu, pumu kali au virusi vya UKIMWI aulize pia kuhusu chanjo ya pneumokoka na ya UVIKO-19. Kwa kijana asiye na maradhi hayo, hizo mbili si za haraka kiasi hicho, na sitaki kumtisha mtu ili akubali asichokihitaji.

Najua hofu ilipoanzia. Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua chanjo ya UVIKO-19 tarehe 28 Julai 2021, na yeye mwenyewe kuchomwa hadharani, simu za wanafunzi wangu zilikuwa zimeshajaa ujumbe kwamba sindano ile inaondoa uzazi. Haikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli kwamba chanjo ya Johnson & Johnson tuliyopewa wakati huo ilihusishwa na tatizo la nadra sana la damu kuganda, na kwamba baadhi ya chanjo nyingine za UVIKO-19 zilileta, kwa nadra, uvimbe wa misuli ya moyo kwa vijana wa kiume. Nadhani tungewaambia vijana mambo haya waziwazi tangu mwanzo, pamoja na kiasi cha hatari yenyewe, wangetuamini zaidi leo. Chanjo ya homa ya mafua ya sindano ina virusi vilivyouawa au vipande vyake tu, hivyo haiwezi kumpa mtu mafua. Huacha maumivu ya mkono na pengine homa ndogo ya siku moja au mbili. Kinga yake pia si kamili: katika miaka ambayo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza hatari ya kuugua kwa takriban asilimia 40 hadi 60. Kwangu mimi, kuikata hatari karibu nusu wiki chache kabla ya mitihani si jambo dogo.

Yupo mwingine anayenigusa kuliko hata mwanafunzi mwenyewe. Mitihani ikiisha, vijana hupanda mabasi kwenda Bukoba, Kigoma na Songea, saa kumi na nne au zaidi madirisha yakiwa yamefungwa, na wakifika nyumbani hukabidhiwa mtoto mchanga wa dada yao wambebe. Kijana mwenye kifaduro huenda akadhani ana kikohozi cha vumbi tu. Kichanga ambaye hajatimiza wiki sita, umri wa kuanza chanjo hiyo, anaweza kushindwa kupumua.

Kikwazo ninachokiona kikubwa zaidi ni fedha. Chanjo ya homa ya mafua haimo katika ratiba ya taifa ya chanjo za bure, na mwanafunzi anayesubiri bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, ili alipe deni la chakula hataipanga mbele ya mlo. Hapo vyuo vina wajibu. Wiki ya usajili, wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza hupita mahali pamoja wakiwa na fomu ya uchunguzi wa afya mkononi. Kuweka pale meza moja ya muuguzi wa chanjo, na kununua dozi kwa pamoja angalau kwa wale wenye pumu na selimundu, ni jambo linalowezekana kabisa. Nimelipeleka pendekezo hili kwenye kikao cha idara mara mbili, na nitalipeleka tena.

Wakati nikisubiri jibu, Novemba hii nitatumia dakika kumi za mhadhara wangu wa kwanza kwa jambo hili. Nitawaomba wanafunzi jioni hiyo wapige simu nyumbani na kumuuliza mama, au bibi, kama ile kadi ya kliniki bado ipo, ipigwe picha na kutumwa.