Faiba: Tuanze na Hesabu, Fizikia Itafuata

Anayetaka kujifunza mawasiliano ya faiba, ule uzi wa kioo unaosafirisha data kwa mwanga, hapa Dar ana milango miwili. Chuoni atafundishwa kupinda kwa mwanga mpaka achoke. Kwa mafundi atafundishwa kuunga: menya, futa kwa spiriti, kata, weka kwenye mashine. Sidharau hata kimoja. Ila mpe mhitimu wa mlango wowote ramani, umwambie afikishe mawasiliano kutoka Posta hadi Morogoro, uone atakavyoduwaa.

Mimi ningeanzia hapo hapo kwenye ramani. Njia ni kama kilomita 190. Faiba nzuri, kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, hupoteza takribani desibeli 0.2 (desibeli ni kipimo cha kufifia kwa mwanga) kila kilomita, kwa hiyo 38 zimeshaondoka. Kebo ikija kwa vipande vya kilomita 4, kuna viungo 47 njiani. Fundi makini akipoteza 0.05 kwa kila kimoja, ongeza 2 na ushee. Konekta, yaani plagi za mwanzo na mwisho, weka 1. Halafu akiba ya 3, maana katapila la wajenzi wa barabara lazima litapita siku moja, na kebo iliyokatwa ikitiwa kiraka huongeza viungo viwili. Jumla ni kama 44. Sasa leza yako inatoa miliwati 1 na kipokezi chako kinavumilia upotevu wa desibeli 28 tu. Haifiki!

Hapo ndipo amplifaya, kifaa cha kuupa mwanga nguvu upya, pale Chalinze katikati ya njia inapopata maana, na mwanafunzi ataulizia erbiamu, madini yanayofanya kazi hiyo ndani yake, mwenyewe bila kulazimishwa.

Mwanga ukishafika, swali linalofuata ni kama umefika na umbo lake. Mapigo ya mwanga yanayobeba data hutanuka njiani yakaanza kupandana, na ukipandisha kasi mara 10, uvumilivu wa mtandao kwa tatizo hilo unashuka mara 100. Fizikia yake nzito, lakini sasa ina kazi ya kufanya.

Kinachosahaulika zaidi ni njia kebo inamopita. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM, kebo za faiba za chini ya bahari zinazotuletea intaneti, zilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini, na intaneti huku kwetu ikawa ya kusuasua. Kwenye karatasi zilikuwa kebo mbili. Kwa jicho la msanifu wa mifumo, kebo mbili zinazoweza kupatwa na balaa moja hazihesabiwi mbili. Basi nawashangaa wanaolaza kebo ya akiba kwenye mtaro ule ule wa kebo kuu, kisha wanamwambia mteja yuko salama.

Ningekuwa na usemi vyuoni, mtihani ungekuwa hospitali moja ya Kigamboni. Faiba ya kwanza inapita Daraja la Nyerere. Ya pili izungukie Kongowe, au ipite wapi, na kila njia itabakiza desibeli ngapi? Kikokotoo ruksa, na bei ya kebo iwe kwenye karatasi ya maswali.