Ticha, mashine haikumfungua mtu

Jumapili nilikuwa nimejinyoosha kwenye kochi nasubiri mechi, mpwa wangu yuko kidato cha pili akaja na daftari la historia, "Mjomba nishikie hili, nikikosea uniambie, kesho tuna testi." Haya lete. Akasimama katikati ya sebule, mikono nyuma, akaanza kushusha: sababu za kukomeshwa kwa utumwa, moja, mapinduzi ya viwanda, mashine zilichukua nafasi ya watumwa kwahiyo watumwa hawakuhitajika tena. Mbili, watu wa dini na wenye huruma. Tatu, Mapinduzi ya Ufaransa. Akaenda hivyo mpaka mwisho akafunga na "kwahiyo utumwa ukakoma Uingereza, Marekani na kwingineko." Nikamwambia rudi pale namba moja. Akarudia neno kwa neno kama kaseti. Mechi ikaanza mi wala sikuiona.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba mi mwenyewe nilikariri hivyo hivyo. Desa lile lile! Nikaliandika kwenye mtihani, nikapewa maksi zangu, nikatembea mjini miaka yote hiyo naamini kuna siku mashine ilishushwa bandarini huko Marekani, bwana shamba akaitazama, akawageukia watu wake akasema haya jamani, nyie nendeni nyumbani, huyu atatosha.

Sawa, kwa Uingereza nakubali kuna mjadala, wasomi wanavutana mpaka leo, sitaki ugomvi nao. Ila Marekani? Marekani mashine ndo ILIYOUKUZA utumwa. Kinyume kabisa.

Ngoja niwape mfano wa kwetu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa analima pamba Maswa, likizo tukipelekwa kule tunaingizwa shambani kuchuma, na aliyewahi kuchuma pamba anajua ninachosema. Kile kitumba kikishapasuka kikakauka kinakuwa na ncha kama sindano, saa mbili tu vidole vinachuruzika, mgongo umepinda, na gunia ukiliangalia halijai, pamba ni nyepesi kama uongo. Halafu hapo umepata pamba mbegu tu, bado iende jineri ikatenganishwe mbegu na nyuzi. Hiyo kazi ya kutenganisha ndo ilikuwa imewakwamisha Wamarekani miaka ya 1780 na kitu, maana aina ya pamba iliyokuwa inakubali bara kule mbegu zake zimeng'ang'ania nyuzi vibaya mno, mtu mmoja kwa mikono alikuwa anasafisha kama pauni moja kwa siku, yaani hata nusu kilo haifiki. Nani alime? Tumbaku nayo ilikuwa imeshachosha ardhi ya Virginia na bei inayumba, na kuna wakubwa kule walikuwa wameanza kusema huenda huu utumwa utajifia wenyewe taratibu.

1793 jamaa mmoja anaitwa Eli Whitney akatengeneza mashine ya kuchambua. Kifaa cha kuzungusha kwa mkono, pauni 50 kwa siku. (Yeye mwenyewe wala hakutajirika nayo, kila fundi kijijini akaikopi.) Sasa kwa hesabu ya desa letu, hapo watumwa 49 kati ya 50 walitakiwa wafungashe virago, si ndio? Kilichotokea ni kwamba kazi ya kuchambua ikawa rahisi, kuchuma kukabaki vile vile, kwa vidole, kitumba kimoja kimoja. Kwahiyo kila ekari iliyoongezwa ilitaka mikono mingine. Na ekari ziliongezwa kweli kweli, Wacherokee, Wachoctaw, Wacreek wakafukuzwa kwenye ardhi zao kwa sheria ya 1830, Alabama, Mississippi na Louisiana zikageuka pamba mpaka upeo wa macho. Sensa ya 1790 ilihesabu watumwa laki 7 hivi. Ya 1860 ikahesabu karibu milioni 4. Hao ndo watumwa ambao mashine ilichukua nafasi yao!

Tena mashine ya kuchuma, yenyewe hasa, unajua ilifika lini? Shamba la kwanza kupandwa na kuvunwa pamba kwa mashine mwanzo mwisho lilikuwa Clarksdale, Mississippi, 1944. Elfu moja mia tisa arobaini na nne. Kwahiyo kama watumwa wa Marekani wangeisubiri mashine ije iwafungue, wangeisubiri mpaka wakati wa Hitler.

Mpwa wangu akauliza swali zuri kuliko yote yaliyomo kwenye lile daftari. "Sasa mjomba, walitoka wapi wote hao, si meli zilikatazwa?" Zilikatazwa ndio, kuanzia 1808 kuingiza watumwa kutoka Afrika ikawa kosa. Na hapa ndo pananichefua kuliko kuchuma, kuliko hata viboko vya jioni kwenye mzani kwa ambaye gunia lake halijatimiza. Watu walioshushwa moja kwa moja kutoka Afrika kwenye eneo linaloitwa Marekani leo ni kama 388,000 tu kwa miaka yote ile, ukilinganisha na zaidi ya milioni 10 walioshushwa mabara ya Amerika kwa jumla, wengi Brazil na visiwa vya Karibi. Laki nne kasoro ukapata milioni nne. Walizaliwa. Na walizaliwa watumwa kwa sababu ya sheria ya Virginia ya 1662 iliyosema mtoto anafuata hali ya mama yake.

Isome tena hiyo sheria taratibu. Kwa Waingereza mtoto alikuwa anafuata ubini wa baba, mali kwa baba, jina kwa baba. Walipofika kwa mwanamke mweusi wakaipindua. Maana yake bwana akimwingilia kwa nguvu mtumwa wake, mtoto anayezaliwa sio aibu wala sio mrithi, ni ng'ombe kaongezeka zizini. Thomas Jefferson, yule yule wa "watu wote wameumbwa sawa", aliandika 1820 kwamba mwanamke anayezaa kila miaka miwili ana faida kuliko mwanaume bora kabisa wa shambani. Faida! Sisemi utumwa wa Unguja ulikuwa sukari, asije mtu hapa kwenye komenti kuniwekea maneno mdomoni, karafuu zile zilimwagiwa damu na jasho vile vile, lakini huku mtoto wa suria aliyezaa na bwana wake alihesabiwa mtoto wa baba, huru, na watoto wa Seyyid Said waliorithi kiti chake pale Unguja mama zao walikuwa masuria. Virginia mtoto wa namna hiyo anauzwa na baba yake mzazi. Kisheria kabisa, na risiti anaandikiwa.

Kwahiyo Virginia na Maryland, ambako tumbaku imechoka, zikapata biashara mpya ya kuuza watu kusini. Karibu watu milioni moja walihamishwa kusini kati ya 1790 na 1860, wengi wao kwa kuuzwa, wengine wanatembezwa kwa miguu wamefungwa minyororo wawili wawili, mume huku mke kule. New Orleans kijana mwenye nguvu alikuwa anafika zaidi ya dola 1,500 mwaka 1860. Bei inapanda. Nani amewahi kuona bidhaa isiyohitajika ikipanda bei? Nenda Kariakoo kaulize.

Na hawakuwa wanauzwa tu, walikuwa wanawekwa rehani. Unataka kununua shamba la pili, unaenda benki na orodha ya majina, mtu na umri wake, benki inakupa mkopo. Benki mbili za Louisiana ambazo baadaye zilimezwa ndani ya JPMorgan Chase zilipokea watumwa kama 13,000 kama dhamana, na mikopo iliposhindikana kulipika zikabaki na watu 1,250 hivi ni mali ya benki, wenyewe walikiri na kuomba radhi 2005. Bima nazo zilikatwa, kampuni za kaskazini, huko kwa wastaarabu. Kufika 1860 thamani ya watu wote waliokuwa wanamilikiwa ilikadiriwa kama dola bilioni 3 na nusu, kupita reli na viwanda vyote vya Marekani ukivijumlisha. Pamba peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya kila kitu walichouza nje. Ndo kitu unaniambia kilikuwa kinakufa?

Pointi namba mbili, watu wa dini. Haya, Wakweka (kikundi cha Wakristo) wa Pennsylvania waliandika kupinga tangu 1688, heshima yao. Ila na Wajesuti wa Maryland waliuza watu 272 mwaka 1838 kwa dola 115,000 na sehemu ya hela ikaokoa chuo chao cha Georgetown kisifungwe. Dini ilikuwa pande zote mbili za mnada, tusiidai maksi.

Na kabla hujasema hayo ni ya Wamarekani yanatuhusu nini, muulize bibi yako merikani ni nini. Kile kitambaa cheupe kigumu. Kinaitwa merikani kwa sababu kilitoka Merikani, kimefumwa viwanda vya Massachusetts, kikapakiwa Salem, kikashushwa Unguja, na pamba yake imechumwa na watumwa wa kusini. Seyyid Said aliweka nao mkataba 1833, konseli wao wa kwanza akaripoti kazini Unguja 1837, mtu wa Salem, mpinga utumwa kwelikweli huyo, na bado kazi iliyompa ugali ni kuuza merikani na kununua pembe za ndovu na sandarusi, ile gundi ya miti. Misafara ikaenda bara na majora ya merikani, ukifika Ugogo unalipa hongo (ushuru wa kupita) kwa merikani, Tabora mpagazi analipwa merikani, pembe zinanunuliwa kwa merikani, watu wananunuliwa kwa merikani. Fikiria mtu kachuma pamba Mississippi akiwa na mnyapara nyuma yake, halafu ile pamba ikavuka bahari mbili ikaja kumnunua mtu Ujiji. Vita yao ya kaskazini na kusini ilipolipuka 1861 pamba ikakwama, merikani ikaadimika Unguja, vitambaa vya Uingereza na India vikaziba pengo. Hili kwenye daftari la mpwa wangu halimo. Kuna mstari mmoja tu kuhusu biashara ya pembe tatu ya Atlantiki na mchoro wa mishale.

Sasa uliishaje? Uliisha kwa vita, na hata hiyo vita haikuanza ili kuumaliza, Lincoln alishinda uchaguzi wa 1860 akisema utumwa usisambae kwenye maeneo mapya, basi, huko ulipo alisema hataugusa. Kusini wakajitenga hata kwa hicho kidogo. Mwaka 1861 Lincoln alifikiria mpango wa kuijaribu Delaware, jimbo dogo, watumwa hawafiki 1,800, akasema serikali kuu itawalipa mabwana fidia wawaachie taratibu kwa miaka. Wakakataa! Watu 1,800 jimbo zima, hela mezani, wamekataa. Halafu mtu ananiambia habari za mashine.

Mei 1861, vita ina mwezi mmoja tu, wanaume watatu waliokuwa wanalazimishwa kujenga ngome za waasi, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walipanda mtumbwi usiku wakavuka mpaka Fort Monroe, Virginia, kwenye kambi ya jeshi la kaskazini. Kesho yake ofisa wa kusini akaja kuwadai kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Jenerali Butler, wakili huyo kabla ya jeshi, akamjibu nyie si mmesema ni nchi nyingine, na hawa si mnasema ni mali, basi mali ya adui ikitumika vitani naikamata. Kauli ya ovyo ukiifikiria, ila habari zikasambaa, siku chache baadaye wakaja nane, wakaja familia nzima na watoto mgongoni, mpaka vita inaisha walikuwa malaki wamejifungua wenyewe kwa miguu yao, na wanajeshi weusi kama 180,000 wakabeba bunduki. Tangazo la uhuru la Lincoln la 1863 liliwakuta watu wako barabarani tayari. Marekebisho ya 13 ya katiba, yale ya kupiga marufuku utumwa, yakapita Desemba 1865, na humo humo wakaacha mlango, isipokuwa kama adhabu ya kosa, na kusini wakaupita mara moja, mtu anakamatwa kwa kuzurura anakodishwa migodini.

Fidia? Ilikuwepo. Washington 1862 walilipa mpaka dola 300 kwa kila mtumwa aliyeachiwa, wakalipwa mabwana. Watumwa wenyewe waligawiwa mashamba ya ekari 40 pwani ya Carolina na Georgia mapema 1865, na kabla mwaka haujaisha rais mpya Johnson akaanza kuwanyang'anya na kuwarudishia wale wale waliopigana kuivunja nchi.

Na ile Fort Monroe imekaa kwenye rasi inayoitwa Point Comfort. Agosti 1619, meli White Lion ilipotia nanga na watu ishirini na kitu wa Angola walioporwa kutoka meli ya Wareno, wakabadilishwa kwa chakula, ilikuwa pale pale. Nilipomwambia hilo mpwa wangu alikaa chini, ndo mara ya kwanza aliacha kusimama mikono nyuma.

Halafu akauliza, "Kwahiyo kesho niandike ya kwako au ya ticha?"

Nilinyamaza kidogo. Nikamwambia andika ya ticha, weka na Delaware pembeni.

Jana kaja na karatasi, 14 kati ya 20. Pointi ya mashine ina tiki kubwa nyekundu. Delaware imewekewa alama ya kuuliza.