Je, Kicheki ndicho kilichomnyima Otakar Borůvka jina lake?

Mwanafunzi wa kompyuta akifika kwenye somo la kuunganisha vituo vingi kwa waya mfupi kabisa, hufundishwa majina mawili, Kruskal na Prim. Wote ni Wamarekani. Mmoja aliandika mwaka 1956, mwingine 1957. Mwanahisabati Otakar Borůvka, aliyelitatua swali hilohilo mwaka 1926 mjini Brno, katika eneo la Moravia ambalo leo limo Jamhuri ya Cheki, hutajwa kwenye tanbihi, kama anatajwa. Sababu inayotolewa ni fupi: aliandika kwa Kicheki, katika jarida la chama cha sayansi cha Moravia, sasa nani angemsoma? Sababu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukiifuata mwaka kwa mwaka inaanza kupwaya.

Borůvka alizaliwa mwaka 1899 Uherský Ostroh, kusini mwa Moravia. Alianza na uhandisi, kisha akahamia hisabati katika Chuo Kikuu cha Masaryk, ambacho kilianzishwa 1919 Chekoslovakia ikiwa changa kabisa. Akawa msaidizi wa Matyáš Lerch, na Lerch alipofariki akalelewa kitaaluma na Eduard Čech. Swali la nyaya halikutoka kwa maprofesa hao. Lilitoka kwa rafiki yake Jindřich Saxel, mfanyakazi wa shirika la umeme la Moravia Magharibi. Umeme ulikuwa unasambazwa mikoani. Miji inajulikana, umbali kati ya kila miwili unajulikana. Laini zipite wapi ili kila mji ufikiwe na jumla ya waya iwe ndogo kuliko njia nyingine yoyote?

Alijibu kwa makala mbili mwaka huohuo. Moja ina kurasa 22 za uthibitisho. Nyingine ni ya kurasa mbili tu, katika Elektrotechnický obzor, jarida la wahandisi wa umeme. Ni nani waliohitaji jibu hilo mwaka 1926? Ni watu waliokuwa wakisimamisha nguzo Moravia, na watu hao walisoma Kicheki.

Wanaokilaumu Kicheki wana hoja nzito kuliko wanavyoieleza wenyewe, na hoja hiyo haimhusu Borůvka. Inamhusu Vojtěch Jarník, mwanahisabati wa Prague. Jarník aliisoma kazi ya mwenzake, akamwandikia barua yenye njia nyingine: anza na mji mmoja wowote, uunganishe na ulio karibu zaidi, kisha kila mara ongeza mji ambao bado uko nje na ulio karibu zaidi na mtandao uliokwisha kujengwa. Barua hiyo ikachapishwa mwaka 1930, kwa Kicheki, katika jarida lilelile la Moravia. Miaka 27 baadaye Robert Prim, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za kampuni ya simu ya Bell, akaifikia njia hiyohiyo peke yake, na hadi leo wengi wanaiita ya Prim. Ukiniambia lugha ilimgharimu Jarník, sina jibu la haraka. Tena Borůvka mwenyewe, alipokuwa mzee mwenye jina, kitabu chake kikubwa cha milinganyo ya diferensia (ile inayoeleza jinsi vitu vinavyobadilika) alikitoa kwa Kijerumani mwaka 1967, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata 1971. Alijua wasomaji wake wako wapi.

Hata hivyo, makala ile ndefu ya 1926 ilikuwa na muhtasari wa Kijerumani, na muhtasari huo ulisafiri. Joseph Kruskal alikuja kusimulia, katika jarida ambalo Borůvka mwenyewe alilianzisha Brno mwaka 1965, kwamba akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alipewa karatasi nyembamba zilizopigwa chapa kwa Kijerumani, zilizokuwa zikizunguka idarani. Zilikuwa muhtasari wa Borůvka. Kruskal akazisoma, zikamfikirisha, na katika makala yake ya 1956 akamtaja Borůvka kwa jina. Kwa hiyo mtu aliyepewa sifa alikuwa amemsoma Mcheki huyo, ukuta wa lugha ukiwa umekwisha kurukwa. Kilichobaki ni hukumu ya kitaalamu: Kruskal aliiona njia ya Borůvka kuwa na makuu yasiyo ya lazima, akatoa yake iliyo nyepesi zaidi.

Kisha yupo Gustave Choquet, mwanahisabati Mfaransa. Mwaka 1938, akiandika juu ya mitandao ya barabara, aliichapisha njia ileile ya Borůvka kwa Kifaransa, katika taarifa za Akademia ya Sayansi ya Paris. Kwa zama hizo, ni wapi pengine ungeandika ili dunia ikuone? Mwaka 1951 Wapoland watano, Hugo Steinhaus akiwa mmoja wao, waliifikia tena na kuitoa kwa Kifaransa. Muulize mwanafunzi yeyote kama amewahi kumsikia Choquet katika somo hili. Aliyeandika kwa lugha kubwa amesahaulika sawasawa na aliyeandika kwa lugha ndogo, pengine zaidi yake.

Nionavyo mimi, kilichokosekana ni haja. Mwaka 1926 nadharia ya grafu, yaani hisabati ya nukta na mistari inayoziunganisha, haikuwa hata na kitabu cha kiada. Cha kwanza, cha Dénes Kőnig, kilitoka 1936. Kompyuta hazikuwepo, na mhandisi mwenye ramani, rula na subira angeweza kupata mtandao unaokaribia ule ulio bora. Prim na Kruskal walitokea wakati mashine za kuhesabu zimeanza kazi na kampuni za simu zina waya wa kupanga.

Na yale "makuu" aliyoyaona Kruskal? Hapo ndipo pananishangaza kila nikirudi. Borůvka anasema: kila mji uchague jirani yake wa karibu zaidi, yote kwa wakati mmoja, na waya upite. (Umbali wowote usilingane na mwingine, maana ikiwa kuna sare miji inaweza kuchaguana kwa duara.) Yatatokea makundi. Sasa kila kundi lichague kundi lililo karibu nalo zaidi, tena yote kwa pamoja, mpaka libaki moja. Kwa kuwa hakuna kundi linaloachwa peke yake, kila raundi hupunguza idadi kwa nusu au zaidi. Chukua miji 1,000. Baada ya raundi ya kwanza hayazidi makundi 500. Kisha 250, 125, 62, 31, 15, 7, 3, 1. Raundi tisa. Prim na Jarník wanaongeza waya mmoja mmoja, nyaya 999 kwenye foleni. Kruskal naye anazipanga nyaya zote kwanza, fupi hadi ndefu, ndipo aanze kuzipima moja moja. Miji ikiwa milioni moja, Borůvka anamaliza kwa raundi zisizozidi 19.

Kwa mtu mwenye kalamu jambo hilo halina faida kubwa, kwa sababu mkono ni mmoja. Kwa mashine yenye prosesa elfu zinazofanya kazi sambamba, ni jambo kubwa sana: hakuna anayemsubiri mwenzake ndani ya raundi. Mwaka 1995 Karger, Klein na Tarjan walipotoa algorithimu (utaratibu wa kukokotoa hatua kwa hatua) ya kubahatisha ambayo muda wake wa wastani hukua kwa uwiano uleule na wingi wa nyaya, walizianza hatua zake kwa raundi za Borůvka. Borůvka mwenyewe alifariki Brno mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 96.

Anayepinga hisabati kufundishwa kwa Kiswahili sekondari angeweza kuibeba hadithi hii kama ushahidi. Atakuwa amebeba ushahidi wa Jarník tu, na hata huo nusu.

Lawama yangu kwa Borůvka iko kwingine. Makala yake ya kurasa 22 imejaa alama za hisabati zenye herufi na namba ndogo juu na chini, mpaka Mcheki aliyesoma sana angeweza kuifunga mapema. Tena hakulirudia swali hilo: alikwenda Paris kwa Élie Cartan, Hamburg kwa Wilhelm Blaschke, akazama kwenye jiometri, kisha, baada ya Wanazi kuvifunga vyuo vikuu vya Kicheki Novemba 1939 na vita kwisha, kwenye milinganyo ya diferensia. Mwenye kazi aliiacha, na wengine nao wakaiacha. Mwaka 2001 Jaroslav Nešetřil na wenzake wawili walizitoa makala zote mbili kwa Kiingereza pamoja na maelezo. Anayetaka kupima mwenyewe aanze na ile ya kurasa mbili.