Unebi haikumezwa na mashetani

Juzi nilitumiwa video inayosimulia habari za Unebi, manowari ya Japani iliyopotea mwaka 1886, na msimulizi akamaliza kwa kusema kwamba ilimezwa na mashetani wa bahari. Nimekereka mpaka leo. Mle ndani walikuwamo watu, mabaharia wa Kifaransa pamoja na Wajapani, na haifai kifo chao kigeuzwe ngano ya kuwatishia watoto.

Unebi iliundwa Ufaransa, katika mji wa Le Havre, ikashushwa majini Aprili 1886. Oktoba ya mwaka uleule ilianza safari ya kwenda kukabidhiwa kwa wenyewe, ikatia nanga Singapore, na mwanzoni mwa Desemba ikang'oa nanga kuelekea Japani. Haikuonekana tena.

Mwenye kutaka sababu na aanze kwa kutazama umbo lake. Ilikuwa kruza, yaani manowari ya mwendo wa kasi, ya tani zipatazo 3,600, yenye milingoti mitatu ya matanga juu ya injini zake za mvuke, na mizinga minne ya sentimita 24 iliyotengenezwa na Krupp, kampuni ya Kijerumani, miwili kila ubavu, iliyokalishwa juu ya majukwaa yaliyochomoza nje ya mwili wa meli. Mbali na hiyo kulikuwa na mizinga mingine saba ya sentimita 15. Yeyote aliyewahi kupakia jahazi anajua kwamba vizito hulala chini, karibu na mkuku, na kwamba chombo kitupu hutiwa farumi, mzigo wa kukituliza, kabla ya kutweka tanga. Uzito ukipanda juu, chombo kikienda mrama hukawia kuinuka, na wimbi la pili hukikuta bado kimelala. Tena Desemba ni msimu wa kaskazi katika Bahari ya China Kusini, upepo ambao meli itokayo Singapore kwenda Japani hukabiliana nao uso kwa uso, siku baada ya siku, huku bahari imechafuka. Mzigo ule juu, upepo ule mbele: kwa nini tuanze kutafuta mashetani?

Linganisha na Naniwa, manowari nyingine ya Japani, iliyoundwa Newcastle, Uingereza, ikashushwa majini Machi 1885, na ambayo ukubwa wake haukupishana sana na wa Unebi. Mizinga yake mikubwa ilikuwa miwili tu, mmoja omo, yaani mbele, na mmoja tezi, yaani nyuma, katikati ya sitaha. Naniwa ilifika salama, na mwaka 1894 ilikuwa vitani chini ya nahodha Togo Heihachiro.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mabaki ya Unebi hayajapatikana na kwamba hakuna aliyenusurika, kwa hiyo hakuna awezaye kula kiapo juu ya saa yake ya mwisho. Lakini kutojua mahali ilipozama hakumpi mtu ruhusa ya kubuni shetani.

Fedha za bima zilitumika kuagiza kruza nyingine, Chiyoda, safari hii kutoka Clydebank, Uskoti. Jina la Unebi halikupewa manowari nyingine ya Japani. Katika makaburi ya Aoyama, Tokyo, umesimama mnara wa kuwakumbuka waliopotea nayo. Msimulizi wa video ile hakuutaja.