Mti wa wapangaji: nini kirithiwe, nini kisirithiwe

Mfumo mmoja wa utambulisho, ule unaosajili watumiaji na kuwahakiki wanapoingia, ukihudumia kampuni nyingi, kila kampuni huitwa mpangaji: nyumba moja, vyumba mbalimbali, kila mtu na ufunguo wake. Ugumu huanza mpangaji naye anapopangisha. Kampuni mama ina kampuni tanzu, tanzu ina mawakala, na wakala ana wateja wanaotaka kusimamia watumiaji wao wenyewe. Wote wawekwe sambamba, au wapangwe kama mti wa mzazi na mtoto?

Mti una faida zisizobishaniwa. Sharti la uthibitisho wa hatua mbili likiwekwa juu, linashuka hadi chini bila kurudiwa mara mia. Wakala anasajili watu wake bila kumpigia hodi msimamizi mkuu. Mpangilio sambamba hautoi hayo. Keycloak, programu huria ya utambulisho, iliwagawa wapangaji kwa milki (realms), yaani sehemu zinazojitegemea, na zikifika mamia mfumo hulemewa. Toleo la 26, la mwaka 2024, lilileta rasmi mashirika ndani ya milki moja, ila shirika halikuweza kuzaa shirika.

Kinachonitia wasiwasi ni urithi wenyewe. Kwenye Azure, huduma ya wingu ya Microsoft, wadhifa (kifurushi cha ruhusa) uliotolewa ngazi ya juu hushuka kwa wote walio chini, na aliye chini hawezi kuufuta. Kosa moja la msimamizi shinani linafungua milango ya matawi yote. Sera za udhibiti za AWS Organizations, huduma ya Amazon ya kusimamia akaunti nyingi, zimekwenda njia nyingine: hazimpi mtu ruhusa yoyote, zinaweka mpaka tu ambao ruhusa za chini haziwezi kuuvuka. Mimi nasimama hapo. Vizuizi virithiwe, ruhusa zitolewe palepale zinapotumika.

Wenye timu za msaada watapinga, na wana haki. Mfumo wa mteja ukikwama usiku wa manane, fundi wa kampuni mama hawezi kukaa akisubiri mtu aamke ampe idhini. Ruhusa ya muda, inayojifuta baada ya saa chache na kuacha kumbukumbu, inapunguza tatizo hilo, japo haiondoi usumbufu wote.

Kuhusu urefu wa mti, watoa huduma wenyewe wameweka kikomo: AWS ngazi tano za vitengo chini ya shina, Azure sita, Google Cloud ngazi kumi za folda. (Ngazi kumi! Sijui nani atakumbuka ruhusa fulani ilitoka ya ngapi.) Tatu zinatosha wengi.

Mtihani wenyewe ni siku tawi linapohamishwa, tuseme kampuni tanzu imeuzwa. Kwenye hifadhidata ni kubadilisha mzazi tu, mstari mmoja. Lakini tokeni (hati za kidijitali zinazoonyesha haki za mtumiaji aliyeingia) zilizotolewa asubuhi bado zimebeba haki za mzazi wa zamani, na programu inayozisoma bila kuuliza seva itazikubali hadi muda wake uishe. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha, fupisha uhai wa tokeni; ukishahamisha, funga vikao vyote vya tawi hilo, watu waingie upya.