Jino Moja, Bili ya Njia Tatu

Hivi nani alianzisha huu uvumi kwamba kutibiwa mzizi wa jino ni adhabu ya kaburini? Maana mtaani kwetu ukitamka tu rutikanali, hata muuza mihogo anaacha mihogo yake inaungua anakuja kukupa pole na mkasa juu. Shemeji yake alizimia kwenye kiti. Binamu yake alitoka pale mdomo umeenda upande. Nikamuuliza na wewe ulifanyiwa lini, akasema aah mi sijawahi, mi la kwangu niling'oa. Sasa kaka uling'oa halafu unanisimulia ya mzizi, ulikuwa dirishani unachungulia au?

Mi nawaambia ukweli, kama kuna mateso ni yale ya KABLA. Yaani lile jino lina adabu za mchana tu. Mchana unatembea mzima, unabishana habari za Simba na Yanga kama kawaida, ikifika usiku ukiweka kichwa kwenye mto linaamka na kuanza kupiga ngoma mpaka sikioni. Ukinywa chai ya moto linauma, maji ya baridi linauma, na baridi yenyewe ishaondoka zamani lakini maumivu yamebaki yamekaa kitako. Daktari alikuja kunieleza baadae kwamba ndani ya jino kuna kiini, kinyama laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, sasa jino likitoboka mpaka huko wadudu wanaingia kiini kinavimba, na kikivimba hakina pa kwenda kwasababu kila upande ni ukuta mgumu, afu ukilala damu inazidi kuja kichwani presha ya humo ndani inapanda. Sawa, sayansi nimeielewa. Ila hainiondolei uchungu wa kulala nimekaa kwenye kochi huku mama watoto anakoroma chumbani kama anakomoa.

Na washauri sasa! Jirani mmoja kaleta karafuu, huyo sina ugomvi nae, karafuu inatia ganzi kidogo kweli. Mwingine akasema weka ugoro. Mwingine, wallahi, maji ya betri! Mtu ana gari imekufa uani kwake toka enzi, halafu anataka kunichaji mimi. Nikakimbilia duka la dawa, yule kijana hata hajaniangalia mdomoni kanipa rangi mbili, nikameza, jino likaendelea na ratiba yake. Kumbe antibayotiki peke yake haiponyi kiini kilichoharibika, chanzo kiko ndani ya jino na lazima mtu aingie akitoe. Hela ya vidonge sijarudishiwa mpaka leo.

Haya, kliniki. Wakanipiga picha ya eksirei, daktari, binti mdogo tu, ananiita "baba" kila sentensi, akaniambia jino linaokoleka. Nikafurahi. Nikauliza bei, akasema inategemea ni jino gani, la mbele huwa lina mzizi mmoja na njia moja ya kiini ndani yake, lako baba ni gego la chini, lina njia tatu, mengine yanakuwa nazo nne. Nikamwambia basi binti yangu nisafishie njia moja leo, hizo nyingine mwisho wa mwezi. Akacheka akidhani natania. Sikuwa natania. Akasema ukiacha njia moja chafu wadudu wanabaki humo, jipu linarudi chini ya mzizi, inakuwa umelipa bure. Na kung'oa je? Kung'oa ni bei rahisi, ila pengo likikaa meno ya jirani yanaanza kulala upande huo, na kuliziba pengo ni gharama kuliko hii. Yaani kila mlango nnaogonga anatoka mtu ameshika bili.

Sindano ya ganzi, nisiwadanganye, unaisikia inaingia huko nyuma ya taya, afu basi. Nusu mdomo unapotea, ulimi nusu upo nusu haupo. Akaniambia ukisikia moyo unaenda mbio usiogope baba, ganzi imechanganywa na adrenalini. Mi moyo ulianza mbio toka dirisha la malipo. Akagusa jino, nikaruka kidogo, akasema jino lililovimba sana huwa gumu kukubali ganzi, akaongeza. Kale ka nyongeza kalichoma, nimekasikia, hapo sitetei mtu. Lakini baada ya hapo maumivu sikuyaona tena, nikabaki nasubiri yale ya kuzimia kwa shemeji wa muuza mihogo hayaji.

Kinachochosha ni kukaa mdomo wazi saa nzima na zaidi. Wanakufunika na kile kipande cha mpira, kimebanwa kwenye jino kwa kibanio cha chuma, jino linachungulia peke yake. Kazi yake mate yasiingie kwenye jino na vile visindano vya kukwangulia mzizi visikuteremkie kooni. Sawa, lakini huwezi kuongea, na pale ndio nesi na daktari wakaanza kupiga stori za michango ya harusi ya mwenzao, kadi, ukumbi, nani katoa nani kanuna, mi niko katikati yao nimelala natazama taa. Nesi akaniinamia, "baba na wewe utatuchangia eeh?" Nikatoa sauti, nilikuwa namaanisha mate yanajaa nivutie na ule mrija. Akasema "asanteee baba", nikatoka pale niko kwenye grupu la wasap la kamati.

Visindano vyenyewe vyembamba balaa, vina vishikio vya rangi, cheupe, njano, nyekundu, bluu, wanapanda hivyo kadri vinavyonenepa, anakwangua kuta za mzizi. Kuna kimashine kinalia pi pi pi kisindano kikikaribia ncha ya mzizi, maana mzizi mzima na jino lake ni kama milimita 20 na kidogo, ukipitiliza umetoka nje ya jino. Katikati anamwaga maji fulani, harufu nikaijua, nikasema huyu ananiosha na Jik. Nilipotolewa mpira nikauliza, akasema ni ukoo huohuo, sodiamu haipokloraiti, inaua wadudu na kuyeyusha mabaki ya kiini. Sasa tafadhali yule jirani wa maji ya betri asisikie hii, maana kesho atakuwa anasukutua.

Siku hiyo hawakumaliza, jino lilikuwa na usaha, wakaweka dawa ndani wakaziba kwa muda nirudi. Ile ziba nikailamba na ulimi uliobaki, karafuu! Ileile ya jirani, mafuta yake wanachanganya na unga wa zinki. Tofauti ni kwamba ya jirani ilikuwa bure na hii ina risiti. Na msile kabla ganzi haijaisha jamani, mi nilitafuna mdomo wangu mwenyewe na chapati nikaona chapati ya leo ina nyama.

Niliporudi ndio wakajaza kabisa. Wanajaza na kitu kinaitwa gutapecha, utomvu wa miti ya huko Asia ya Kusini Mashariki. Mwanangu wa sekondari akaniambia hiyo ndiyo waliyokuwa wanavalishia nyaya za simu za maandishi, telegrafu, za kupita chini ya bahari, mpaka ule waya wa kutoka Aden ulioletwa Zanzibar 1879. Kwahiyo nimewekewa mali ya simu kwenye taya na bado nikipiga kijijini inakata.

Siku chache za mwanzo ukiuma kitu panauma, hiyo wameshasema, ni kuzunguka mzizi panapona, unameza dawa ya maumivu unatafunia upande wa pili. Ukiona unavimba au homa inapanda unarudi haraka. Mimi sikuvimba. Nilivimba nilipoambiwa bado kuna kofia.

Eti gego likishachimbwa linabaki kuta tupu, na ndilo linalobeba mzigo wa kutafuna, likipigwa na mfupa mmoja linapasuka hadi chini, hapo hata mzizi uliotibiwa hausaidii. Kwahiyo livalishwe kofia ya kulifunika lote. Bei ya kofia nikaisoma, nikaisoma tena nikidhani sifuri imeongezeka kwa bahati mbaya. Nikauliza kama kuna za mtumba. Daktari akasema baba hapana, ila kuna za kauri na za chuma, ya chuma inapungua kidogo. Nikasema ngoja nikatafakari, natoka nje sijafika hata kituoni simu inaita, nesi.

"Shikamoo baba, tulikuwa tunakukumbusha ile ahadi yako, kamati inakaa Jumamosi."

Marahaba, nikamwambia, na mkimaliza hiyo fungueni nyingine ya kofia ya gego langu, wewe mwanangu uwe mweka hazina.